Ndiyo ya Idda

"Mzee, mkeo alikubali."

Hayo niliambiwa Makambako, kwenye dirisha la Benki ya Ukingo, kofia yangu mkononi kwa heshima ya vioo vyao. Nilikuwa nimepeleka barua ya Mahakama ya Mwanzo inayoniteua msimamizi wa mirathi ya mke wangu, Idda. Nilitegemea nikute visenti vyake vya masweta, nifunge akaunti, nimjengee msalaba wa zege badala ya ule wa mbao ambao mvua za kwetu Lyamkena zilishaanza kuulamba. Kijana wa dirishani akatazama kompyuta, akanitazama mimi, akarudi kwenye kompyuta. Akasema visenti hakuna. Kuna deni.

"Deni la nini? Idda hakukopa hata chumvi kwa jirani."

"La Huduma ya Bega, mzee. Alipigiwa simu, akaulizwa, akajibu ndiyo. Imeandikwa hapa."

"Nani kaandika?"

"Mfumo."

Mfumo. Zamani walikuwa wanasema "Serikali", baadaye wakawa wanasema "Mzungu wa mradi", siku hizi ni "mfumo". Kila zama ina mtu wake asiyekuwepo wa kumsingizia.

Bega lenyewe lilikuwa hivi. Salio lako likiisha, benki inakubeba begani: inakulipia kinachotakiwa kulipwa, halafu inakukata kwa kukubeba. Idda alikuwa ameacha kuitumia akaunti ile tangu shule zilipoanza kumlipa masweta kwa simu. Akaunti ikalala. Lakini makato ya mwezi hayalali. Yakaja, yakala visenti vyake mpaka sifuri, bega likayabeba, likakata kwa kuyabeba. Mwezi wa pili yakaja mengine, yakabebwa juu ya yale ya kwanza. Yaani benki ilikuwa inajikopesha yenyewe, inajilipa yenyewe, na bili inampelekea mwanamke aliyekaa kwenye mashine yake ya kufuma. Sisi watu wa viazi tunalijua jambo hilo kwa jina lake: lumbesa. Gunia limejaa, mnunuzi anashonea juu yake kipande cha gunia jingine, anajaza tena mpaka linakuwa na shingo, halafu anakulipa gunia moja. Ila lumbesa angalau unaiona kwa macho, na unaweza kumtukana mtu usoni.

Mimi huwa sisahau. Nilikomea darasa la saba, sheria nilijifunza kwenye magazeti ya kufungia nyama na vijitabu vya kuokoteza Iringa, lakini kumbukumbu nilizaliwa nayo. Namkumbuka baba akirudi kutoka kwenye ghala la pareto na karatasi badala ya hela, akiihifadhi karatasi ile ndani ya Biblia mpaka Biblia yenyewe ikaliwa na mchwa. Nakumbuka mizani iliyowekewa jiwe chini. Namkumbuka kila aliyetuibia, na kila aliyemshikia tochi. Kazi yangu ni kunoa misumeno ya wapasua mbao, kazi ambayo mikono inashughulika na mdomo unabaki huru, na mdomo wangu nimeutumia. Mjini wananiita Mzee Kifungu. Nikiingia ofisi yoyote nasikia, "Kifungu kaja, ficheni mihuri."

Kwa hiyo mtu angedhani nilifurahi siku ile, kupata vita mpya. Sikufurahi. Kulikuwa na neno moja kooni, na halikuwa deni.

Alikubali.

Kama Idda alikubali, hakuniambia. Na Idda alikuwa haachi kitu. Aliniambia ndoto zake kabla hajafungua macho vizuri. Aliniambia kiberiti kimepanda bei, mchungaji ana viatu vipya, mtoto wa jirani ametoa jino. Aliniambia hata yale niliyokuwa sitaki kuyasikia, hasa hayo. Mwanamke huyo huyo, binti wa misheni ya Kidugala aliyelelewa kwamba mkopo ni mdogo wake wizi, akope benki kwa siri? Na kama aliweza kunificha hilo, kuna nini kingine nilichoishi nacho nyumba moja bila kukijua? Alishakufa. Kifua kilimbana Julai, kwenye baridi ile ya kuua miche ya nyanya, akaenda. Nisingeweza kumuuliza.

Nilimpigia binti yetu Nelly, yuko Dodoma.

"Baba, achana nalo," akasema. "Lipa, funga akaunti, pumzika."

"Nilipe kitu ambacho mama yako hakukichukua?"

"Labda alikichukua. Labda alikuwa na shida, akaogopa kukuambia."

"Aogope nini?"

"Si ungeanza kuandika barua, baba. Ungeandika mpaka kwa Waziri."

Nikacheka ili asijue imenichoma. Simu ilipokatika niliingia chumba cha mbele, kwenye mashine ya kufuma. Ilikuwa imefunikwa khanga, na chini ya khanga kulikuwa na sweta la shule, rangi ya damu ya mzee, lenye mkono mmoja. Mkono wa pili hakuufikia. Nikalifunika tena. Nje kuku wake walikuwa wamekusanyika mlangoni wakinitazama kama wajumbe wa kikao wasiolipwa posho. Walikuwa kuku wa Idda hao. Mimi walikuwa wananivumilia tu.

Nikafanya ninachokijua: nikaitisha watu. Nilipita sokoni Makambako, nikapita kwa wapasua mbao, nikauliza nani mwingine amebebwa begani bila kupenda. Walijitokeza wengi. Siku ya kwanza tulijaza kibanda changu cha kunolea, watu wamesimama mpaka barabarani, kila mtu na hasira yake. Nilihutubia vizuri siku hiyo, nakiri. Kikao cha pili tulikaa wote kwenye mabenchi. Cha tatu alikuja Masumbuko peke yake, na Masumbuko alikuja na hindi la kuchoma.

Masumbuko ni dalali wa viazi, rafiki yangu tangu tukiwa na nywele. Akakaa, akatafuna, akatazama mabenchi matupu.

"Kifungu, jeshi lako liko wapi?"

"Watakuja."

"Hawaji. Benki imewapigia mmoja mmoja. Wamesamehewa nusu, wamesaini, wamenyamaza."

"Na wewe?"

"Mimi wamenipa na kofia." Akaivua akanionyesha. Kofia ya kijani, nembo ya Ukingo mbele. Kweli, nilikuwa nimekaa naye muda wote sijaiona.

"Umesaini nini, Masumbuko?"

"Sijui. Anayesoma ni wewe."

"Wamekudanganya halafu wamekuvisha kofia!"

"Wamenidanganya wapi? Mimi nilipopigiwa ile simu nilisema ndiyo kwa sauti ya kwaya. Lori lilikuwa limekufa njiani na viazi vya watu, nilikuwa nataka hela. Waliponikata nikalia, lakini ndiyo niliisema." Akafuta mdomo. "Nikuulize kitu, usinipige na tupa. Wewe unadai hela au unadai mke?"

Nikashika msumeno uliokuwa umeshanolewa tayari, nikaunoa tena. Masumbuko alimaliza hindi lake, akaninyooshea gunzi kama mtu anayetoa rambirambi, akaenda zake.

Nikabaki na mabenchi.

Kule benki nilikuwa nimekamata jambo moja. Kijana alisema "alipigiwa simu", na simu za benki siku hizi zinaanza na maneno kwamba mazungumzo haya yanarekodiwa. Nikaandika kuomba nisikilizishwe. Sikuomba hela, sikuomba msamaha. Niliomba masikio yangu yasikie. Makambako wakasema rekodi haziko kwao, niende ofisi ya mkoa Njombe. Njombe wakasema ziko Dar, zinashushwa. Nikienda, hazijashuka. Nikirudi, ndiyo kwanza zinapanda kuidhinishwa. Ukungu wa Njombe ulininyeshea mpaka koti likawa halikauki kati ya safari na safari. Nilikaa kwenye viti vyao vya plastiki na watu wa parachichi na walimu waliofuata mikopo, na mlinzi alizoea kunisalimu, "Kamwene, Kifungu." Nami namjibu, "Kamwene." Kuna siku salamu hiyo ilikuwa mazungumzo yangu yote ya kutwa. Naondoka asubuhi nimefunga mlango bila kumuaga mtu, narudi nafungua mlango bila kuulizwa nimekula wapi.

Aliyekuwa ananihudumia pale ni binti mmoja wa dawati la wateja, Irine, Mkinga wa Makete, mtaratibu. Alikuwa hanipi matumaini ya uongo. "Bado, baba," ananiambia. "Ingekuwa tayari ningekupigia usije kulowana." Siku moja akapiga kweli.

Tukaingia chumba kidogo cha meneja. Meneja Rodrick ni kijana msafi, kasoma mbali, anayeongea na wazee kwa sauti ya juu kana kwamba uzee ni uziwi. Kompyuta ikawekwa katikati ya meza.

"Mzee, tunakusikilizisha mara moja kwa mujibu wa utaratibu," akasema. "Ukisharidhika tunafunga jalada. Sawa?"

"Washa."

Ikakwaruza. Kisha sauti ya kijana, haraka haraka: "Habari za leo mama, unaongea na Benki ya Ukingo kutoka makao makuu, mazungumzo haya yanarekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma…"

"Shikamoo hujui?"

Idda huyo.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno. Kwa sauti sikuwa nimejiandaa. Nilishika ukingo wa meza. Ilikuwa sauti yake ya mchana, ya mtu ambaye ana uzi kidole kimoja na simu ameibana kwa bega.

"Samahani mama. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Haya, sema sasa."

Nyuma yake kukasikika kelele za mwanaume anayefoka. Maneno hayakukamatika vizuri, ila moja lilipenya: "…haiwezekani!" Halafu tena, mbali kidogo: "…haiwezekani, ndugu zangu!"

Kijana wa benki akasita. "Mama, nasikia kama kuna mkutano. Uko mahali salama kuongea?"

"Niko nyumbani, baba. Huyo ni mume wangu. Anahutubia kuku."

Irine akaziba mdomo kwa mkono. Meneja akatazama dari. Mimi sijui nilitazama nini.

Kijana akacheka, kisha akaimba wimbo wake wa Bega: ukipungukiwa tunakubeba, ukiishiwa tunakufaa, masharti na vigezo kuzingatiwa. Idda alimwacha amalize, kama alivyokuwa anawaacha watoto wamalize kusingiziana. Kisha kijana, pumzi moja, akasoma swali lake:

"Kwa hiyo mama, kwa sasa huhitaji kuunganishwa na Huduma ya Bega?"

"Ndiyo."

"Ndiyo?"

"Ndiyo, baba."

"Asante mama. Uwe na siku njema."

"Na wewe. Wasalimie hapo."

Ikakatika.

Meneja akanikunjulia mikono. "Umesikia mwenyewe, mzee. Ndiyo, mara mbili."

Sauti yangu ilichelewa kuja. Ilipokuja ilikuwa ndogo, mimi mwenyewe sikuitambua. "Ameulizwa huhitaji. Akajibu ndiyo. Yaani ndiyo, sihitaji."

"Mzee, ndiyo ni ndiyo. Yes ni yes."

"Kwa Kiswahili gani?"

"Kama alikuwa hataki, angesema hapana."

"Angesema hapana angekuwa anataka! Umeulizwa huhitaji, ukisema hapana maana yake unahitaji! Huyo kijana wenu alipewa swali la kizungu lililovalishwa shuka la Kiswahili, akasikia ndiyo akaweka tiki!" Hapo sauti yangu ilikuwa imerudi yote, na wateja kule ukumbini walikuwa wamegeuza shingo. "Mwanamke amekataa! Amekataa kwa adabu, akasalimia na wenzenu, na nyinyi mmemkata mpaka kaburini!"

"Mzee, punguza sauti."

"Sipunguzi! Haiwezekani!"

Nikalisikia neno hilo likitoka, na nikanyamaza ghafla, maana nilikuwa nimetoka kulisikia kwenye kompyuta.

Irine akakohoa. "Samahani bosi," akasema, kwa upole wake ule ule, "kwani kesho huendi tena Iringa? Dereva anauliza."

"Ndiyo, wameahirisha mpaka…" akasema meneja, na hapo akaishia.

Kule nje mashine ya kuhesabia noti ikaanza kupiga kelele, ikamaliza. Mpaka leo sijui kama dereva aliuliza kweli. Irine alikuwa anatazama kalamu yake.

Meneja Rodrick si mtu mbaya, nalisema hilo ingawa halinifurahishi. Alivuta droo, akatoa karatasi, akaigeuza upande wangu. Hela zote zinarudi, akasema. Deni linafutwa, na makato yote tangu mwanzo yanarejeshwa, si nusu kama wale wengine. Nisaini tu hapa chini.

Nikasoma. Mimi nasoma kila kitu, hata maandishi ya chini ya sabuni. Karatasi ilisema: *Kwa kuwa marehemu aliridhia huduma tajwa, benki kwa nia njema imeamua kusamehe…*

"Futa 'aliridhia'," nikamwambia. "Andika 'hakuridhia'."

"Siwezi. Hiyo imetoka Dar hivyo hivyo."

"Basi Dar waandike nyingine."

"Mzee, unapata hela zote! Zote! Neno moja linakusumbua nini?"

"Sitaki asamehewe. Anayesamehewa ni aliyekosa."

Akapangusa uso. Nilidhani atanifukuza. Badala yake akachukua simu yake akatoka nje kuongea na Dar, na akaufunga mlango taratibu.

Tukabaki mimi na Irine na kompyuta. Nikamuuliza kama naweza kupewa nakala ya ile sauti. Akatikisa kichwa: haitoki nje ya benki, ni kosa kubwa, angefukuzwa. Nikasema naelewa. Nilikuwa naelewa kweli, mara moja katika maisha yangu nilielewa katazo. Akanitazama. Kisha bila kusema kitu akarudisha nyuma kidogo, akabonyeza.

*Niko nyumbani, baba. Huyo ni mume wangu. Anahutubia kuku.*

Akasimamisha hapo.

"Baba," akaniuliza, "siku ile ulikuwa unahutubia nini?"

Nikafungua mdomo kumjibu. Mimi ninayeikumbuka karatasi ya pareto ya baba na mkunjo wake. Mimi ninayekumbuka jiwe la chini ya mizani, lilikuwa na doa jeupe. Nikaitafuta siku ile. Ilikuwa mchana, nilikuwa uani kwangu, nilikuwa na nguvu, mke wangu yuko ndani mzima wa afya, ananicheka na mtu asiyemjua. Nikaitafuta kila mahali. Haikuwepo.

"Sikumbuki," nikamwambia.

Wiki zikapita. Dar hawakuwa na haraka na neno lao. Masumbuko alipita kibandani akaniambia watu wanasema nimekataa hela kwa sababu ya kiburi, wengine wanasema nimechanganyikiwa tangu mke afe, na kwamba yeye anawatetea wote wawili, kiburi na kichaa. Nikamwambia asante. Nikamsimulia ile ndiyo. Aliisikiliza mpaka mwisho, akaivua kofia yake ya kijani, akaitazama, akaivaa tena kinyumenyume, nembo kisogoni.

Mvua zilipokatika Irine alipiga simu. Nikaenda Njombe. Karatasi ilikuwa mpya, na katikati yake imeandikwa, kwa herufi zile zile ndogo: *marehemu hakuridhia huduma tajwa.* Nikaisoma nimesimama. Nikasaini. Meneja akanipa mkono, nikaupokea. Mlinzi akasema, "Kamwene, Kifungu, umeshinda?" Nikamwambia nimeshinda. Akasema, "Sasa hutakuja tena?" Nikasema, "Ndiyo." Tukaagana. Nilipofika kona ndipo nilipotambua kwamba nitamkosa.

Nilimpigia Nelly kutoka njiani.

"Mama yako hakukubali," nikamwambia. "Aliulizwa kama hahitaji, akasema ndiyo. Wameandika wenyewe. Hakunificha kitu."

"Nilijua, baba."

"Hukujua."

Nikasikia magari ya Dodoma.

"Ndiyo, baba," akasema. "Sikujua." Na akaanza kulia, akiwa kazini, akajitahidi isisikike. Nilimsubiri. Akaniambia ameitwa, atapiga jioni. Alisahau kupiga, ana watoto wadogo, simlaumu.

Msalaba wa zege tukaupandisha makaburini Jumamosi, mimi na fundi na Masumbuko. Masumbuko alikuja kichwa wazi. Ulikuwa mzito, tukapumzika mara nyingi njiani. Jina la Idda limeandikwa vizuri. Tulipomaliza wakataka twende tukanywe ulanzi, nikasema tangulieni, nitawafuata. Sikuwafuata.

Nilipofika nyumbani, simu ya Idda ikalia mara moja kwenye kabati. Laini yake nilikuwa naiwekea vocha, nisiulizwe kwa nini. Ulikuwa ujumbe:

*Mpendwa IDDA, makato yako yamerejeshwa na Huduma ya Bega imesitishwa. Hutaki kujiunga tena? Jibu NDIYO au HAPANA.*

Nilisoma, nikasoma tena. Kisha nikaanza kucheka. Nilicheka kicheko ambacho sijakicheka tangu Julai, cha kushika mbavu, nikageuka na simu mkononi nikisema, "Mama Nelly, njoo usikie hawa wapumbavu…"

Mashine ya kufuma ilikuwa chini ya khanga yake.

Nilisimama pale kidogo. Halafu nikatoka uani, maana mtu hawezi kubaki na neno kama lile peke yake ndani ya nyumba. Jua la alasiri lilikuwa limelala kwenye bati la jiko. Kuku wakanikimbilia wakidhani nina mahindi, walipoona sina hawakuondoka. Yule mtetea mweusi, kipenzi cha Idda, akanitazama kwa jicho moja.

Nikavua kofia.

"Ndugu zangu," nikaanza, "leo tumeletewa swali kutoka Dar es Salaam."

Nikawasomea ujumbe wote, neno kwa neno. Nikawaeleza tofauti ya ndiyo na ndiyo. Nikafika kwenye ubaya wa lumbesa, nikapita kwenye pareto, sauti ikapanda kama kawaida yake, nikasema haiwezekani, nikasema tena haiwezekani, ndugu zangu.

Kisha nikatazama mlango wa nyumba, uliokuwa wazi kama nilivyouacha, na nikapunguza sauti kidogo. Mtu wa ndani akiwa anaongea na simu, kelele zinamsumbua.